KWA NINI TARAKILISHI YA CHAMA ILIKATAA KUTUFUNGULIA

Mhariri ameniomba niandike ukurasa wa somo mwaka huu. Kwa kawaida ukurasa huu huwa wa ngeli, vitate na tamathali za usemi, na wapo wanafunzi wanaodhani kwamba Kiswahili kikifika mlangoni mwa maabara ya kompyuta huvua viatu na kubaki nje. Mimi sikubaliani nao. Kwa hivyo nimechagua jambo la tarakilishi, tena la ndani kabisa: vigeu vya mazingira katika mfumo wa Linux, na namna ya kuvichunguza mashine inapokataa kukufungulia kikao. Sikulichagua kwa kujionyesha. Jambo hili nusura lilinyime jarida hili nusu ya kurasa zake.

Mwaifahamu ile tarakilishi kuukuu ya chama iliyo kwenye kona ya maktaba, ile ambayo herufi Q imeng'oka kwenye kibodi. Inatumia Xubuntu, ambayo ni ya ukoo wa Ubuntu. Kwa faida ya wasiojua, Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, naye wakati huo alikuwa na miaka 21 tu. Ubuntu nayo ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Xubuntu ni nyepesi na haiuzwi, ndiyo maana mashine ambayo ingekuwa imeshatupwa bado inatupigia chapa mashairi.

Jumatatu moja ya muhula wa pili mashine iliwaka vizuri. Bawabu akatokea. Bawabu ndilo jina ninaloipa programu iitwayo LightDM, ambayo husimama mlangoni na kuuliza jina lako na neno la siri. Tukaandika neno la siri. Kiwambo kikawa cheusi kwa muda wa kupepesa jicho, kisha tukarudishwa palepale kwa bawabu kana kwamba hatukuwahi kubisha hodi. Tukarudia mara ya pili, mara ya tano, mara ya kumi. Lakini wapi! Zingatieni kwamba ukikosea neno la siri bawabu hukuambia wazi kwamba umekosea. Hapa hakusema lolote. Alitupokea, akatuingiza ndani, halafu tukatupwa nje kwa mlango uleule.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na mashairi 31, insha zilizoshinda shindano la madarasa, na mahojiano ya kurasa 12 na mzee mmoja wa mtaa wa Kulamawe aliyeikumbuka Isiolo ya mwaka 1963, mwaka ambao Mkuu wa Wilaya yetu, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa mwezi Juni. Ndiye huyo ambaye wadi ya Wabera hapa mjini inaitwa kwa jina lake. Mzee wetu alifariki likizo ya Aprili. Maneno yake hayakuwa yameandikwa mahali pengine popote.

Fundi mmoja wa mjini alipoelezwa habari hizi kwa simu, alisema mashine imeoza, ifutwe yote, iwekwe mfumo mpya. Wengine walisema ni stima, maana Jumamosi ilipotea mara tatu. Mwingine akasema ni virusi. Tazameni basi: kila mmoja alikuwa na jibu mkononi kabla hajauliza swali hata moja.

Swali la kwanza ni hili. Je, anayekataliwa ni kila mtu, au ni mtu mmoja? Mashine ile ina akaunti mbili, moja inaitwa chama na nyingine ni ya mwalimu mlezi. Mwalimu alipoandika jina lake na neno lake la siri, ilifunguka mara moja, meza yote ikaja na aikoni zake. Hapo stima ikaachiliwa huru. Kama stima ingeharibu diski au kadi ya picha, ingemharibia na mwalimu pia. Mashine ni ileile, Xubuntu ni ileile. Tofauti ya watumiaji wawili imo ndani ya folda zao za nyumbani tu. Kwa kuwa akaunti ya mwalimu ina mamlaka ya msimamizi, alinakili folda nzima ya chama kwenye flashi kwa amri moja:

sudo cp -r /home/chama /media/mwalimu/FLASHI

Mashairi na mzee wetu wakawa salama kabla hata hatujajua ugonjwa ni nini. Na kama hakuna akaunti ya pili? Basi mtu huwasha mashine kwa flashi iliyowekwa Linux, anaingia kupitia hiyo, na kunakili kazi yake nje. Kwa hivyo yeyote atakayekwambia ufute kila kitu kwa sababu tu meza haifunguki, mwambie asubiri kidogo.

MKOBA WA ASUBUHI

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Kigeu mnakijua kutoka aljebra: ni jina lililobeba thamani inayoweza kubadilika, kama x. Kigeu cha mazingira ni hivyohivyo, ila jina huandikwa aghalabu kwa herufi kubwa na thamani ni maneno. Vigeu hivi si vitu vya jana. Vilianza katika Unix toleo la 7 mwaka 1979, na Linux ikavirithi. Fungua dirisha la amri uandike:

printenv

Utaona orodha ndefu. HOME husema nyumbani kwako ni wapi, kwa mfano /home/chama. USER ni jina lako. LANG ni lugha utakayosemeshwa. DISPLAY ni kiwambo ambacho picha zitachorwa, na aghalabu utakuta :0 au :0.0. PATH ni orodha ya folda zenye programu. Ukitaka kuona kimoja tu, andika echo $LANG. Ile alama ya dola maana yake ni "nipe kilichomo", wala haina uhusiano na pesa za Marekani.

Ili kuelewa vinavyofanya kazi, fikirini sisi wanafunzi wa shule ya kutwa. Mwenzetu wa bweni ana sanduku lake chini ya kitanda, akikosa kitu hurudi akakichukua. Sisi tuna mkoba. Asubuhi kule Bulla Pesa mama anautia daftari, kalamu, nauli na chapati mbili, halafu natoka. Kilichotiwa kabla sijavuka mlango ndicho nitakachokuwa nacho mchana kutwa. Mama akinunua seti ya jiometri saa nne asubuhi akaiweka juu ya meza ya nyumbani, itakaa hapo ikinitazamia mpaka kesho. Haiwezi kuniruka ikanifuata darasani.

Linux ni hivyo hivyo. Kila programu inayowaka ina mkoba wa vigeu. Programu moja inapoizaa nyingine, huipa nakala ya mkoba wake, si mkoba wenyewe. Bawabu huzaa kikao, kikao huzaa meza, meza huzaa dirisha la amri, dirisha la amri huzaa programu unayoiita. Mtoto akibadilisha kitu katika nakala yake, mzazi hana habari. Na mzazi akibadilisha chake baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto naye hana habari. Urithi huenda chini tu, tena mara moja tu, wakati wa kuzaliwa.

Jaribuni wenyewe, msiniamini kwa maneno:

CHAMA=Kiswahili
bash
echo $CHAMA

Hutapata kitu, mstari mtupu. Ile amri ya bash imezaa mtoto, na kigeu chako hakikuwa mkobani, kilikuwa mfukoni mwa mzazi. Andika exit urudi kwa mzazi, kisha:

export CHAMA
bash
echo $CHAMA

Sasa utajibiwa Kiswahili. Neno export ndilo linalokitoa kigeu mfukoni na kukitia mkobani. Angalieni pia kwamba hakuna nafasi kabla wala baada ya alama ya sawasawa. Ukiandika CHAMA = Kiswahili, bash itadhani CHAMA ni jina la programu na itakuambia haioni programu hiyo. Makosa ya namna hii ni madogo kama chawa, na yanawasha kama chawa.

NANI ALIUFUNGA MKOBA, NA MLANGO GANI?

Hapa ndipo wengi hupotea, hata watu wazima, kwa hivyo nitakaa kidogo. Mkoba haufungwi na mtu mmoja. Kwanza kuna faili /etc/environment, ambayo ni ya mashine nzima, kila mtumiaji huipata. Kisha kuna /etc/profile, nayo ya wote. Kisha kuna faili ya kwako binafsi, ~/.profile. Kile kiwimbi mwanzoni maana yake ni folda yako ya nyumbani, na jina likianza kwa nukta faili hujificha. Andika ls -a ndipo uione. Kwa bawabu wetu wa Xubuntu, faili hizi husomwa unapoingia, kabla ya meza kufunguka.

Halafu kuna ~/.bashrc. Hii haisomwi na bawabu. Husomwa kila dirisha la amri linapofunguliwa. Matokeo yake ni mkanganyiko ambao nimewaona nao watu wengi: mtu anaandika kigeu ndani ya ~/.bashrc, anafungua dirisha la amri, anakiona, anafurahi. Halafu anafungua programu kwa kubofya aikoni mezani, na programu inasema haikijui kigeu hicho. Anadhani programu ni mbovu. La hasha! Aikoni huzaliwa na meza, na meza haikupitia dirisha la amri. Ni kama kumpa mwanafunzi kalamu akiwa ndani ya darasa la 3 Mashariki na kutarajia darasa la 3 Magharibi nao wawe nayo.

Tena /etc/environment si faili ya amri. Ni orodha ya majina na thamani tu. Ukiandika $PATH humo, haitabadilishwa kuwa orodha ya folda. Itachukuliwa kama ilivyo, dola na herufi zake. Anayetaka kutumia alama ya dola aende kwenye ~/.profile.

Na ukiwa umerekebisha ~/.profile, usikae ukingojea. Ni ile seti ya jiometri juu ya meza ya nyumbani. Lazima utoke kwenye kikao na kuingia upya ndipo mkoba ufungwe upya.

Sasa rudini kwenye ile Jumatatu yetu. Tulijua kwamba ubaya umo ndani ya folda ya chama. Swali la pili likawa: tangu kikao cha mwisho kilichofunguka vizuri, nani alibadilisha nini? Wote walikuwa wakiuliza kulitokea nini Jumamosi na Jumapili, kwa sababu ugonjwa ulionekana Jumatatu. Lakini kwa kanuni ya mkoba, jambo lililofanywa Ijumaa adhuhuri lisingeonekana Ijumaa kabisa. Mkoba wa Ijumaa ulifungwa asubuhi. Ungeendelea kufanya kazi mpaka jioni bila dalili, mashine ikazimwa, na msiba ukangoja mlangoni.

Ili kuchungulia ndani, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Meza na picha hutoweka, unabaki na kiwambo cheusi chenye maandishi, ambacho nacho kinauliza jina na neno la siri. Huu ni mlango wa nyuma. Hauhitaji meza. Tuliingia kwa jina la chama, na ukatukubali! Nikaandika ls ili nione faili. Mashine ikajibu kitu cha ajabu: kwamba ls ipo, iko katika /bin na /usr/bin, ila haikuweza kupatikana kwa sababu folda hizo hazimo ndani ya PATH. Sijawahi kuona mgonjwa anayemtajia daktari ugonjwa wake waziwazi namna hiyo.

echo $PATH

Jibu likawa /home/chama/mizani. Basi. Folda moja tu.

Unapoandika ls, mashine haijui kwa ghafla ls inakaa wapi. Hutazama PATH, ambayo ni orodha ya folda zilizotenganishwa kwa nukta mbili, ikaenda ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mama anayemtafuta mtoto kwa majirani. Asipomkuta katika nyumba alizotajiwa, hupiga kamsa kwamba mtoto amepotea, kumbe mtoto yuko nyumba ya nne anakunywa chai. Nasi mashine yetu ilikuwa imetajiwa nyumba moja tu.

Folda ya mizani ilitoka wapi? Mwenzetu mmoja wa kidato cha nne, ambaye ni malenga wetu na pia anajifunza kuandika programu, alitunga programu ndogo ya kuhesabu mizani za shairi. Inahesabu irabu katika kila kipande na kukuambia kama ni nane kwa nane. Ni programu nzuri, ingawa ikikutana na neno mtu inahesabu silabi moja badala ya mbili, maana ile m ni silabi isiyo na irabu, anaendelea kuirekebisha. Alitaka iweze kuitwa kutoka folda yoyote, jambo la haki kabisa, na Ijumaa akaongeza mstari huu mwishoni mwa ~/.profile:

PATH=/home/chama/mizani

Uliotakiwa ni huu:

PATH=/home/chama/mizani:$PATH

Tofauti ni herufi chache, lakini ya kwanza inasema "nyumba ni hii tu", na ya pili inasema "nyumba hii, kisha zile zote za zamani". Bawabu alipoisoma ~/.profile Jumatatu, akabaki na PATH isiyo na /usr/bin, akaita programu iitwayo startxfce4 ambayo ndiyo huifungua meza yote, asiione, kikao kikafa, akarudi mlangoni. Ushahidi ulikuwa umeandikwa katika faili nyingine iliyojificha, ~/.xsession-errors, ambamo kikao huandika malalamiko yake. Tuliisoma kwa kutaja njia nzima, kwa sababu ukitaja njia nzima mashine haina haja ya PATH:

/usr/bin/tail ~/.xsession-errors

Mstari baada ya mstari ulisema amri fulani haikupatikana. Ingetosha kusoma faili hiyo kwanza kabla ya kumpigia fundi simu.

Tiba yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kuisimulia. Tulimrudishia mgonjwa pumzi kwa muda, tukanakili faili ya zamani, tukaifungua:

export PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin
cp ~/.profile ~/.profile.zamani
nano ~/.profile

Tukaongeza nukta mbili na $PATH mwishoni mwa ule mstari, tukahifadhi kwa Ctrl na O, tukatoka kwa Ctrl na X. Lakini hatukukimbilia mezani. Tulibonyeza Ctrl, Alt na F4, ambao ni mlango mwingine wa nyuma, tukaingia humo upya na kuandika ls. Ikajibu. Sheria hii naipenda kuliko zote: kabla hujaufunga mlango uliomo, jaribu kuingia kwa mlango wa pili, ili ukikosea bado una mguu mmoja ndani. Kisha Ctrl, Alt na F7 kurudi kwa bawabu, neno la siri, na meza ikafunguka. Maktaba nzima ilipiga makofi mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kulikoni.

Nisiwadanganye kwamba kila kikao kinachokataa ni PATH. Diski ikijaa kabisa, kikao hushindwa kuandika faili zake na hukutupa nje vivyo hivyo. Amri ya df -h itakuonyesha kama kuna asilimia 100 mahali. Tena kuna faili ~/.Xauthority, ambayo ni kama kibali cha kuchora kwenye kiwambo. Mtu akiwahi kufungua programu ya picha kwa sudo, faili hiyo inaweza kuishia kuwa mali ya root badala ya yako, na mwenye nyumba akanyimwa kibali chake mwenyewe. Andika ls -l ~/.Xauthority uone jina la mwenyewe. Hayo mawili si vigeu, ila uso wao ni mmoja, kwa hivyo yachunguze kabla ya kulaumu mkoba.

KUIFANYA MASHINE ISEME KISWAHILI

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, siwezi kumaliza bila kigeu LANG. Linux inazitambua sw_KE na sw_TZ: sw ni Kiswahili, KE ni Kenya na TZ ni Tanzania, ili hesabu za pesa zisichanganye shilingi yetu na ya jirani. Kazi ya kukiingiza Kiswahili katika tarakilishi ina wazee wake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. OpenOffice hiyo ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010, ambayo ndiyo tunayoandikia jarida hili.

Kwanza uliza kama Kiswahili kimewekwa kwenye mashine yako:

locale -a

Usipoona sw_KE.utf8 katika orodha, msimamizi aandike sudo locale-gen sw_KE.UTF-8. Hatua hii wengi huiruka. Wanaandika LANG=sw_KE.UTF-8, mashine haina data ya lugha hiyo, inarudi kimya kwenye Kiingereza, nao wanasema Linux haijui Kiswahili. Kisha jaribu bila kubadilisha faili yoyote:

LC_ALL=sw_KE.UTF-8 date +%A

Kama leo ni siku ya sokoni, itasema Jumamosi badala ya neno la Kiingereza. Kigeu kinachoandikwa mbele ya amri namna hii huingia katika mkoba wa amri hiyo peke yake, kisha hupotea. Ni njia salama sana ya kujaribu, na laiti mwenzetu wa mizani angeijua mapema.

Kwa nini nimetumia LC_ALL badala ya LANG? Kwa sababu kuna ngazi za ukubwa, kama ilivyo nyumbani. LANG ni mdogo; husikizwa pale ambapo wakubwa wamenyamaza. Juu yake wako LC_TIME wa tarehe, LC_NUMERIC wa namba, LC_MONETARY wa pesa na wenzao. Juu ya wote yuko LC_ALL, ambaye akisema, wote huinamisha vichwa. Kwa maandishi ya menyu yuko pia LANGUAGE, ambaye hukubali orodha kama sw:en, yaani Kiswahili kwanza na pasipo tafsiri Kiingereza. Kwa hiyo ukiweka LANG katika ~/.profile na usione mabadiliko, usiiandike mara tatu kwa hasira. Andika locale, usome nani mkubwa amesema kabla yake. LC_ALL yenyewe usiiache katika ~/.profile, maana itaziba midomo ya wote na hutaweza kurekebisha kimoja kimoja.

Mtegemee kuona Kiswahili na Kiingereza vikikaa menyu moja. Kigeu hakitafsiri; huomba tu tafsiri iliyokwisha kuandikwa na mtu. Pasipo mtu aliyeandika, hapana.

Limebaki jambo la saa, ambalo mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliniuliza: tarakilishi huandika 07:00 wakati sisi tunasema saa moja, je, inaweza kurekebishwa? Kuna kigeu TZ, ambacho husema mashine iko ukanda gani wa saa. Kwa kawaida ni Africa/Nairobi, saa tatu mbele ya Greenwich. Unaweza kujitungia ukanda wako kwa jina la herufi tatu au zaidi na namba, na hapa alama ni kinyume cha mnavyotarajia: kutoa maana yake ni mbele. SAA-9 ni saa tisa mbele ya Greenwich, yaani saa sita mbele yetu. Kwa saa zinazohesabiwa mpaka 12 tu, saba ikiongezwa sita inakuwa moja. Usikitie kigeu hiki katika ~/.profile, maana saa za faili zako zote zitaonyeshwa zikiwa zimesogea saa sita. Kitie mbele ya amri moja tu. Uzuri wake ni kwamba tarehe nayo hubadilika saa kumi na mbili jioni badala ya usiku wa manane, kama wanavyohesabu wazee wetu, ambao kwao usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Niliijaribu Alhamisi moja, dakika ishirini baada ya saa moja jioni:

LC_ALL=sw_KE.UTF-8 TZ=SAA-9 date "+%A, saa %I:%M"

Mashine ikaandika: Ijumaa, saa 01:20.